Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mradi: rudisheni mafaili ya pamoja kwa wote

KWA: Baraza la Wasimamizi Wakuu wa Mradi
NAKALA: Wachangiaji wote, watunza vifurushi na watumiaji wa maktaba yetu

YAH: MSIMBO WA MIFUMO MAALUMU KUINGIZWA KWENYE MAFAILI YA PAMOJA

Ndugu Wasimamizi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nawaandikia hadharani jambo ambalo nilitamani tulimalize wenyewe kwa wenyewe. Mnanifahamu: mimi ndiye ninayeangalia mifumo endeshi ya BSD (FreeBSD, OpenBSD na NetBSD) katika maktaba yetu ya kuhifadhi data, na malalamiko haya si mageni kwenu. Niliwaandikia faragha, nikajibiwa kwamba suala limepokelewa. Niliandaa viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vikafungwa kwa maelezo kuwa si kipaumbele kwa sasa. Niliomba kikao, kikaahirishwa, na baadaye hakuna aliyekitaja tena. Wakati huohuo kila toleo jipya limekuja na #ifdef nyingine (sharti linalochagua msimbo upi utumike kwenye mfumo upi) ndani ya mafaili tunayoyategemea sote. Nimeona wachangiaji na watumiaji wana haki ya kulijua jambo hili na kulipima wenyewe.

Sina ugomvi na mtu yeyote kati yenu. Ninachoomba ni kwamba faili la pamoja libaki la pamoja. Msimbo wa Windows ukae kwenye faili la Windows, wa macOS kwenye la macOS, wa Linux kwenye la Linux. Na faili la pamoja liite fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) kwa jina moja bila kujali linaendeshwa kwenye mashine gani. Hoja zangu ni hizi.

1. Faili la pamoja halisomeki tena, na limeshatupotezea data

Nichukue fanksheni moja tu, ile inayohifadhi faili la data kwa usalama. Kazi yake inajulikana: andika data kwenye faili la muda, hakikisha zimefika kwenye diski, kisha lipe faili la muda jina la faili la zamani. Ni hatua tatu, na mchangiaji mgeni angetakiwa kuzielewa kwa kuzipitia mara moja.

Mifumo inatofautiana katika hatua hizo, na tofauti zenyewe ni nzito. Kwenye macOS, fsync, wito wa kupeleka data kwenye diski, peke yake hailazimishi diski kumwaga akiba yake ya ndani. Inabidi uite fcntl na kuipa F_FULLFSYNC. Kwenye Windows, rename ya kawaida hugoma kama jina hilo tayari lina faili, kwa hiyo hutumika MoveFileEx kwa kuielekeza kwamba lililopo lifutwe na jipya lichukue nafasi yake. Kwenye Linux, ukitaka uhakika kwamba hata jina jipya limeandikwa kwenye diski, unaita fsync kwenye saraka pia, si kwenye faili peke yake. Haya ni maarifa ya thamani, na watu wamepoteza data ndipo wakayapata. Siyapingi. Ninachopinga ni pale yalipowekwa: yote yamerundikwa ndani ya fanksheni ileile, #ifdef ndani ya #ifdef, mabano yanafunguliwa kwenye tawi moja na kufungwa nje ya matawi yote.

Mwanzoni tawi la mwisho lilikuwa #else. Yaani kama si Windows wala macOS, ita fsync. FreeBSD, OpenBSD, NetBSD na illumos zote zilipita humo salama. Kikaja kiraka cha kuongeza ile fsync ya saraka kwa ajili ya Linux, na mwandishi wake, kwa nia njema kabisa, akageuza #else kuwa #elif defined(__linux__). Kikapitiwa, kikakubaliwa. Kwenye Linux mambo yakawa mazuri kuliko awali. Kwenye mifumo ninayoiangalia halikubaki tawi hata moja. Hatua ya pili ya fanksheni ikatoweka yote. Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, haikulalamika, kwa sababu #if isiyochagua tawi lolote ni C halali. Majaribio yakapita, kwa sababu faili huandikwa na kusomeka vizuri tu mradi mashine haijazimika ghafla. Tulikuja kujua pale watumiaji walipowasha mashine baada ya umeme kukatika na kukuta mafaili yao ya data yana ukubwa wa sifuri.

Tazameni kosa liko wapi hasa. Mwandishi hakuwa mzembe, wala aliyepitia hakuwa mzembe. Kiraka kilichokusudiwa kwa Linux kilibadilisha tabia ya mifumo ambayo haikutajwa popote ndani yake, na anayepitia kwa kuangalia mistari iliyobadilika tu hana namna ya kuliona hilo. Laiti kila mfumo ungekuwa na faili lake, kiraka kile kingegusa faili la Linux na kuishia hapo. Nililieleza hili kwenye barua ya faragha, na jibu lililokuja lilikuwa ni kurudisha #else mahali pake. #else imerudi, ndiyo. Mpangilio uliozaa kosa upo vilevile, na tangu hapo umeongezewa matawi mengine.

2. Hakuna mtu wala mashine inayoweza kuujaribu msimbo huu wote

Msimbo ulio kwenye tawi ambalo halikuchaguliwa kompaila haiuoni kabisa. Haukaguliwi aina za data, majina, wala idadi ya vigezo. Mchangiaji aliye kwenye Linux akiongeza kigezo kimoja kwenye fanksheni ya ndani, tawi la Windows linaweza kuendelea kuiita kwa vigezo vya zamani, na mashine yake ikampa majibu ya kijani. Si rahisi kumlaumu, maana alifanya kila tulichomwagiza.

Hesabu yenyewe inatisha. Swichi 10 zisizotegemeana ndani ya faili moja ni matoleo 1,024 ya faili hilo. Ni kweli kwamba mengi hayawezi kutokea, kwa kuwa Windows na macOS hazikutani kwenye mashine moja. Lakini mkichanganya mfumo endeshi, aina ya kichakataji, maktaba ya C na vipengele vya hiari, mnabaki na michanganyiko mingi kuliko mashine zetu za majaribio zinavyoweza kuimudu. Zetu hujenga kwenye Linux kabla ya kiraka kukubaliwa. Mifumo mingine husubiri usiku, msimbo ukiwa umeshaingia.

Wenzetu wa kiini cha Linux, mradi ulioanza mwaka 1991 kwa kichakataji cha 386, wameliwekea jambo hili kanuni. Mwongozo wao wa uandishi unaelekeza #if na #ifdef ziepukwe ndani ya mafaili ya .c, yenye msimbo wenyewe, kadiri inavyowezekana, zikae kwenye mafaili ya .h, yenye matangazo yake, na pale kipengele kisipokuwepo iwekwe fanksheni tupu yenye jina lilelile ili anayeiita asihangaike kuuliza. Mambo ya kila aina ya kichakataji yako chini ya saraka ya arch/, kila kimoja na chumba chake. Na panapolazimu sharti kuwa ndani ya .c, wanashauri kutumia IS_ENABLED ndani ya if ya kawaida, ili kompaila isome na kukagua matawi yote mawili kabla ya kulitupa lisilohitajika. Msimbo uliolala unakuwa umekaguliwa angalau.

NetBSD nao wametenganisha tangu zamani msimbo unaotegemea mashine na usioitegemea. Dereva wa kadi huandikwa kupitia tabaka kama bus_space, kisha dereva huyohuyo akatumika kwenye mashine zenye vichakataji tofauti kabisa. Kama hilo linawezekana kwa madereva yanayogusa vifaa moja kwa moja, maktaba ya kuhifadhi data haina cha kujitetea.

3. Tunauliza jina la mfumo badala ya uwezo wake

Karibu kila #ifdef tuliyo nayo inauliza mfumo unaitwaje, wakati tunachohitaji kujua ni kama fanksheni fulani ipo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni strlcpy, fanksheni ya kunakili maandishi. Ilitoka na OpenBSD mwaka 1998, na glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, ikakaa miaka mingi bila kuipokea. Kwa hiyo sisi tukaandika ya kwetu, tukaifunga ndani ya #ifdef __linux__. Mwaka 2023 toleo la 2.38 la glibc likaja nayo. Ghafla kukawa na strlcpy mbili kwenye mashine moja, ya kwetu ikigombana na ya mfumo, na msimbo ambao haukuguswa na mtu ukakataa kukompaili. Wanaotumia Linux yenye musl, maktaba nyingine ya C, walikuwa wamekutana na tatizo hilo muda mrefu kabla, kwa sababu musl imekuwa na strlcpy siku zote. Na hawakuweza hata kujitenga kwa jina, kwa kuwa waandishi wa musl walikataa makusudi kuweka makro ya kuitambulisha. Wanasema anayetaka kujua uwezo aupime uwezo wenyewe. Nakubaliana nao kabisa.

__linux__ ni kweli kwenye seva yenye glibc, ni kweli kwenye musl, na ni kweli kwenye Android yenye maktaba yake ya C iitwayo Bionic. _WIN32 huwepo hata kwenye Windows ya biti 64, ambako long imebaki na biti 32 ilhali kwenye Linux ya biti 64 ina biti 64. Tuna mahali ambapo ukubwa wa namba umekisiwa kwa jina la mfumo, na int64_t ipo kwenye C tangu 1999. Mradi wa curl, unaoendeshwa kwenye mifumo mingi kuliko tunayoota sisi, umeweka hili kwenye kanuni zake za uandishi: sharti liulize kipengele kwa mtindo wa HAVE_, na majina ya mifumo endeshi au vifaa yaepukwe. Autoconf, zana ya kuandaa ujenzi wa programu, imekuwa ikifanya upimaji wa namna hiyo tangu 1991. Hatuombwi kuvumbua chochote.

4. Usalama

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, dosari ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, iliyomwezesha mtu aliye mbali kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja. Niseme wazi kwamba dosari ile haikuletwa na #ifdef. Ulikuwa ukaguzi wa urefu uliokosekana, na sitaki hoja yangu isimame juu ya lisilo kweli. Ninachotaka mkione ni kilichofuata. Watu wa OpenBSD walipoanzisha LibreSSL, tawi lao la OpenSSL, mwezi huohuo, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuondoa. Waling'oa msimbo wa OpenVMS, wa OS/2, wa NetWare, wa Mac OS ya kale, wa Windows ya biti 16, uliokuwa umesambaa ndani ya maktaba inayolinda siri za watu dunia nzima. Walitaka msimbo unaosomeka kwanza, kwa sababu usiosomeka haukaguliki.

Timu hiyohiyo ilikuwa na mfano wake tayari kwa OpenSSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye mashine ya mbali, iliyotoka mwaka 1999. Toleo la msingi huandikwa kwa ajili ya OpenBSD, safi, halafu timu nyingine hulifanya lifae mifumo mingine na kulitoa likiwa na herufi p, kama vile 9.8p1. Vitu ambavyo mfumo mwingine unakosa huwekwa kwenye saraka ya openbsd-compat, na msimbo mkuu unaviita kana kwamba vimekuwepo siku zote. Toleo hilo la kuhamishika bado lina #ifdef zake, sikatai. Lakini anayetaka kuelewa jinsi OpenSSH inavyomtambua mtumiaji anaweza kusoma toleo la msingi bila kukatizwa kila mistari kumi na swali la yuko kwenye mfumo gani.

Faili letu linalokagua ruhusa za mafaili halina nafasi kama hiyo. Msomaji analazimika kubeba kichwani mifumo mitano kwa wakati mmoja. Sijui kwa nini tunategemea wakaguzi wa nje watusaidie kwa hali hii.

5. Mzigo unawaangukia walewale

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeongeza tawi la Linux ndani ya faili la pamoja anamaliza kazi yake siku hiyohiyo. Aliye kwenye OpenBSD, kwenye illumos au kwenye Haiku ndiye atakayekaa usiku akitafuta kwa nini kitu kilichofanya kazi jana leo hakifanyi, katika faili alilodhani halimhusu. Wapo wachangiaji wazuri waliotuacha kwa sababu hii, na walisema hivyo walipoondoka.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nilishapewa.

Mtasema ni mistari miwili tu, haifai kufunguliwa faili jipya. Kila #ifdef tuliyo nayo iliingia kwa kauli hiyo. Fanksheni niliyoieleza hapo juu haikuandikwa na mtu mmoja siku moja. Ilijengwa na mistari miwili miwili ya watu wengi, kila mmoja akiwa na sababu nzuri.

Mtasema kupitia tabaka la kati kutapunguza kasi. Fanksheni fupi ikiwekwa kwenye .h kama static inline, kwa kawaida kompaila huimeza pale inapoitwa na hakuna gharama inayobaki. Na hapa tunazungumzia msimbo unaosubiri diski. Wito mmoja wa fanksheni hauonekani kabisa mbele ya fsync.

Mtasema mafaili yakitenganishwa msimbo utajirudia, na hitilafu ikirekebishwa kwenye faili moja itabaki kwenye mengine. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi, na wanaolitoa wana haki. Nimeona miradi iliyonakili faili zima mara tatu na kuyaacha yaachane polepole. Tiba yake ni kushusha mpaka chini. Hatua tatu za kuhifadhi, mpangilio wake, ushughulikiaji wa makosa, usafishaji wa faili la muda, vyote vibaki kwenye faili la pamoja, vikiwa vimeandikwa mara moja tu. Kinachohamia kwenye mafaili ya mifumo ni vitendo vidogo ambavyo kweli vinatofautiana: lazimisha data zifike kwenye diski, badilisha jina ukichukua nafasi ya lililopo, funga faili lisiguswe na mwingine. SQLite, injini ya hifadhidata, wanafanya hivyo kupitia tabaka lao la mafaili liitwalo VFS: mambo ya Unix yako os_unix.c, ya Windows yako os_win.c, na injini yenyewe inaendelea na kazi ya hifadhidata. PostgreSQL nao wana sysv_shmem.c na win32_shmem.c kwa kumbukumbu ya pamoja, fanksheni za majina yaleyale na utekelezaji mbalimbali. Git ina saraka ya compat/ na libuv ina src/unix na src/win. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika upya mradi mzima kwa kila mfumo.

Mtasema miradi mikubwa nayo imejaa #ifdef, na mtanitajia posixmodule.c ya Python. Ni kweli, faili lile ni zito. Lakini lisomeni: sehemu kubwa ya masharti yake huuliza HAVE_ fulani, si jina la mfumo. Na Python wana waraka, PEP 11, unaosema ni mifumo ipi inaungwa mkono, kwa daraja gani, na utaratibu wa kuiondoa mingine. Sisi hatuna waraka wa namna hiyo wala hatupimi uwezo.

Mtasema upimaji wa uwezo nao hudanganya. Hudanganya, ndiyo, na mfano wake ni wa karibuni. Machi 2024, mlango wa nyuma uliofichwa ndani ya xz, programu ya kubana data, ulipogunduliwa, ilionekana pia kwamba kipande kidogo cha kupima kama Landlock, kinga ya Linux inayoibana programu isifikie isichohitaji, ipo kilikuwa kimewekewa nukta moja iliyosimama peke yake kwenye mstari. Kwa nukta hiyo kipande hakingeweza kukompaili kwenye mashine yoyote, jibu likawa kila mara Landlock haipo, na ulinzi ukazimwa kimyakimya. Nukta moja! Somo ninalolichukua ni kwamba ukimya ndio hatari. Pale tunapojua mfumo unatakiwa kuwa na kitu fulani na kipimo kikasema hakipo, ujenzi usimame kwa kelele.

Na mtasema hatuna watu. Hapo ndipo naomba ukweli. Kama hatuwezi kuubeba mfumo fulani, tutangaze, tuwape watumiaji muda, tuutoe. Neovim ilipojitenga na kihariri maandishi cha Vim mwaka 2014 ilitupa msimbo wa Amiga na wa mifumo mingine ya zamani, ikakabidhi mambo ya mfumo kwa libuv. Hata kama BSD ndiyo itakayotoka, nitaumia lakini nitaelewa. Nisichokielewa ni kuendelea kuiandika kwenye orodha ya mifumo tunayoiunga mkono huku kila toleo likiiharibu.

Mwaka 1992 Henry Spencer na Geoff Collyer walieleza mbele ya mkutano wa USENIX, kwa uzoefu wao wa kuandika C News, programu ya kusambaza ujumbe wa Usenet, kwamba kutegemea #ifdef ili programu ihamishike kunazaa msimbo usiosomeka wala kutunzika. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado nalazimika kuwaandikia jambo hilohilo.

Kwa hiyo, Ndugu Wasimamizi, naomba yafuatayo:

Kwanza, mwongozo wa wachangiaji useme bayana kwamba faili la pamoja haliruhusiwi kuwa na sharti linalotaja mfumo endeshi, kichakataji au maktaba ya C. Kiraka chenye sharti hilo kirudishwe kwa mwandishi kikiwa na maelekezo ya mahali pa kuliweka, bila kumvunja moyo.

Pili, iundwe saraka moja ya mifumo, kila mfumo na faili lake, na .h moja inayotaja vitendo vyote ambavyo kila mfumo lazima uvitekeleze. Mfumo usiotambulika ukutane na #error, usiachwe upite patupu. Hilo peke yake lingezuia ile hasara ya mafaili ya sifuri.

Tatu, kanuni hii ilindwe na mashine, isitegemee macho ya anayepitia viraka. Mradi wa Rust una chombo kiitwacho tidy kinachokagua kwamba masharti ya mifumo ndani ya maktaba yao ya msingi hayatoki nje ya sehemu zilizoruhusiwa. Go wameiweka kwenye zana zao za kujengea programu: faili likiishia na _windows.go linajengwa kwa Windows tu. Kwetu inatosha skripti fupi inayotafuta __linux__, _WIN32, __APPLE__ na ndugu zao nje ya saraka ya mifumo, na kukataa kiraka ikizikuta. Mafaili ya sasa yawekwe kwenye orodha ya msamaha, na orodha hiyo iruhusiwe kupungua tu.

Nne, angalau FreeBSD, Windows na macOS zijengwe kabla ya kiraka kukubaliwa, si usiku wake.

Tano, ichapishwe orodha ya mifumo tunayoiunga mkono, daraja la kila mmoja, na nafasi ya mtunzaji ionekane pale isipokuwa na mtu.

Sitaki mkubali yote kwa siku moja. Kazi ya kuhamisha ni ndefu, na nashauri ianzie kwenye faili la uhifadhi kwa sababu ndilo lililokwisha kuwaumiza watumiaji. Viraka vyangu vya faili hilo bado vipo, nimevilinganisha na tawi kuu la sasa, na vimejengwa kwenye FreeBSD, OpenBSD, NetBSD na Linux. Vya Windows na macOS vinahitaji mtu mwenye mashine hizo avijaribu, na wawili kati ya wachangiaji wetu wamekwisha kujitolea. Naomba vifunguliwe upya na vipitiwe kwa hoja za kiufundi, kimoja baada ya kingine. Kama mtavikataa, naomba sababu ziandikwe mahali ambapo kila mchangiaji anaweza kuzisoma na kuzijibu.

Naomba pia jibu la barua hii liwe la wazi, na litoke kabla ya kufungwa kwa msimbo wa toleo lijalo. Baada ya hapo mabadiliko makubwa hayatapokelewa, na watumiaji wa mifumo midogo watalazimika kuishi na faili hili kwa mzunguko mwingine mzima.

Wenu katika kazi,

Mtunzaji wa mifumo ya BSD